Miezi Miwili ya Mmarekani na Miaka 11 Yangu

Kila mwaka hapa Eldoret huonekana vijana wa Kimarekani wakitembea kwa miguu njia ya hospitali, mifuko mgongoni na chupa za maji mkononi. Aghalabu ni wanafunzi wa udaktari. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984, kiliingia katika ushirikiano na Chuo Kikuu cha Indiana mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mwaka 2001 ushirikiano huo ukazaa mpango wa AMPATH wa kuwatibu wagonjwa wa ukimwi. Vijana hao huja, hukaa mwezi au miezi miwili, wakaenda zao, wakaja wengine.

Mimi ni mtu wa Mombasa, mtoto wa Kibokoni. Biashara ya vitambaa ndiyo iliyonileta huku miaka 11 iliyopita. Mmoja katika vijana hao alizoea kupita dukani kwangu jioni, nami nikimpa kahawa chungu naye akinipa maswali. Kiswahili alikuwa amekisoma chuoni kwao, tena sanifu hasa. Siku moja nilisema kijana wangu wa kazi “yuwaja”, akanisahihisha kwa adabu: “Anakuja, Mzee.” Nilimwambia kwamba “yuwaja” ilikuwa lugha ya washairi kabla ya babu yake kuzaliwa. Akatoa kidaftari akaiandika.

Kidaftari hicho ndicho kisa cha makala haya. Kila alichokiona alikitia humo. Aliandika kwamba alipojikwaa barabarani watu watatu walimwambia “pole”, naye akashangaa, kwani hakuna aliyemsukuma. Kwao, alisema, neno la namna hiyo aghalabu husemwa na mwenye kosa. Aliandika kwamba alipita mahali mafundi wa baiskeli wanakula, wakamwambia “karibu”, akaketi, akala, na baadaye akapata wasiwasi kama kweli walitaka aketi. (Nilimwambia walitaka, ila si sana.) Aliandika habari za saa zetu, jinsi saa moja ya asubuhi ilivyo saba kwao, na jinsi alivyochelewa ahadi kwa saa sita kamili.

Na wakimbiaji, bila shaka. Sisi twendao kusali alfajiri huwakuta barabarani gizani, wepesi kama kivuli, nasi tumejifunika mablanketi, kwa sababu mji huu uko juu ya bahari kiasi cha mita 2,100 na baridi yake haina mzaha. Kijana yule alijaribu kufuatana nao. Alirudi amekwisha kabisa. “Walinipita wakiongea,” alisema. “Wakiongea, Mzee!”

Jioni moja akaingia mama anayetuletea maziwa. Akasema, kama asemavyo kila siku, “Chamgei.” Nami, kama nijibuvyo kila siku, nikasema, “Nzuri, mama.” Yule Mmarekani akajibu, “Chamgei mising,” na mama akaangua kicheko cha furaha, wakashikana mikono. Kumbe neno hilo alifundishwa wodini na bibi kizee mgonjwa. Mama alipoondoka kijana akaniuliza, wala hakuwa na nia mbaya: “Mzee, miaka yote hii hukulihitaji?”

Kahawa ilinikwama kooni.

Ni kweli, nilijitetea moyoni. Mgeni wa miezi miwili kila kitu kwake ni tamu. Halipi kodi ya duka, hagombani na mwenye nyumba, wala jirani akifiwa hatazamiwi kuchanga. Jioni hurudi kwenye nyumba yenye uzio na mlinzi, na tikiti ya ndege anayo mkobani. Kupenda mahali utakapopahama si kazi ngumu. Lakini utetezi huo haukunitosha, kwa sababu swali halikuwa la mapenzi. Lilikuwa la neno moja.

Hebu niseme yetu sisi watu wa pwani tulioko bara. Tunakutana baada ya Isha, tunalalamikia baridi. Samaki wa ziwani hana ladha, nazi ni ghali. Mwezi wa Ramadhani tunasikia redioni adhana ya Magharibi ya Mombasa, nasi bado tumekodolea tende macho robo saa hivi, pengine zaidi, kwa sababu huku ni magharibi mwa nchi na jua huchelewa kutua. Hata jua tunalilaumu. Tukirudi nyumbani kwa Idi tunauliziwa habari za “huko bara”, nasi tunajibu “watu wa bara ni hivi na hivi”. Mnandi, Mkeiyo, Mluhya, Mkikuyu, Mturkana, wote tumewatia kapu moja. Na sisi mtu akitutia wote kapu moja, akasema Waswahili ni watu wa kukaa barazani tu, twakasirika.

Nadhani Kiswahili chenyewe kimetudekeza. Popote twendapo Kenya tunakikuta kimetangulia, hata kama kimevunjika mguu na mkono, na kazi yetu imekuwa kukicheka. Hatukulazimika kujifunza hata “asante” ya mwenyeji, ambayo kwa Kikalenjin ni “kongoi”, silabi mbili tu. Khatibu akitaja Suratul Hujurat na habari za mataifa na makabila, tunatikisa vichwa kukubali. Tukitoka nje hatujui kumwamkia muuza ndizi aliye mlangoni.

Jambo hili si dogo. Agosti 1997, kule Likoni, watu wa bara walioishi nasi miaka mingi walishambuliwa, wengine wakauawa, wengi wakakimbia, kwa sababu waliitwa wageni. Na huku, tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa karibu na mji huu lilitiwa moto, na ndani yake walikuwamo wanawake na watoto waliokimbilia hifadhi, nao pia kwa sababu waliitwa wageni. Sisemi salamu ingezima moto ule. Waliowasha walikuwa na siasa zao na ugomvi wao wa ardhi, na miongoni mwa waliochomewa nyumba walikuwamo waliokijua Kikalenjin tangu utotoni. Ninalosema ni kwamba sisi Wapwani tunataka mtu wa bara ajaye Mombasa ajifunze adabu zetu, avue viatu mlangoni, abishe hodi, asipayuke. Ni haki yetu kutaka hivyo. Lakini mimi niliyekaa kwao miaka 11 nimejifunza zipi zao?

Maziwa lala yao, mursik, yanayotiwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa majivu ya mti, sikuyaonja hata siku moja mpaka mwaka huu. Nilikuwa nikisema yananuka moshi. Yananuka moshi kweli, na ni matamu.

Mmarekani amekwisha kurudi kwao na kidaftari chake. Juzi mama wa maziwa alipoingia nilimtangulia: “Chamgei!” Alisimama, akaniangalia, akacheka hata maziwa kidogo yakamwagika juu ya kaunta. Akaniambia nimekosea kulivuta neno, akalisema tena polepole, nami nikalifuata. Jana akanijaribu kwa neno la pili. Sikulijua.