Tuanzie kwenye Nyaya, Si Dukani
Laptopu ya miaka minane au tisa ikianza kushika waifai kwa shida, wengi hukata shauri kwamba imezeeka na kwenda kutafuta nyingine. Naona hukumu hiyo ni ya haraka mno, kwa sababu kipimo cha kwanza hakigharimu hata senti: weka simu pale pale ilipo laptopu, kwenye mtandao ule ule. Simu nayo ikisuasua, chunguza ruta na kuta za tofali za saruji, maana laptopu mpya haitazibomoa. Simu ikishika vizuri, ndipo tuigeukie mashine, na hapo mimi hushuku nyaya kabla ya kadi ya waifai. Antena za laptopu nyingi zimefichwa kandokando ya kioo, na nyaya zake nyembamba hupita kwenye bawaba; hupinda kila kifuniko kinapofunguliwa, na fundi aliyebadilisha kioo huenda hakuzichomeka tena sawasawa. Mashine ya namna hiyo hushika mtandao ikiwa jirani na ruta, ikihamia chumba cha pili inaupoteza. Atasema mtu kwamba kadi za zamani ni za polepole. Kweli, na nyingine hushika gigahezi 2.4 pekee, masafa yenye msongamano mkubwa mijini. Lakini masafa hayo hupenya ukuta vizuri kuliko gigahezi 5, kwa hiyo uzee wa kadi peke yake hauelezi mawimbi kufifia ghafla. Na hata kadi ikiwa imekufa kabisa, adapta ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la USB huishika kazi yake, kwa sehemu ndogo tu ya bei ya laptopu nyingine.