Daftari la Wiki: Nusu ya Mlo Haimo Kwenye Boksi

Hesabu ya vinywa

Wanaotaka kuuza nafaka za boksi ugenini huvutwa na hesabu moja: watu ni wengi, kila mtu huamka na njaa, basi akipatikana hata mmoja kati ya hamsini, biashara imesimama. Hesabu ya namna hiyo iliwavutia wengi kwenda India, nchi iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 900 mwaka 1994, kampuni ya konfleksi ya Kellogg kutoka Marekani ilipoingia na mtaji wa takriban dola milioni 65 na kujenga kiwanda Taloja, karibu na Mumbai. Wateja walinunua boksi la kwanza kwa hamu ya kuonja. La pili wengi hawakulifuata. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba Wahindi wamezoea paratha, idli, poha na upma, vyakula vya moto vyenye chumvi na viungo. Ni kweli, lakini hayatoshi, maana mtu huweza kupenda kitu kipya bila kukiacha cha zamani. Jambo lenyewe limo bakulini. Anayeuza konfleksi anauza mlo ambao nusu yake mnunuzi ataitafuta mwenyewe, na nusu hiyo ni maziwa yaliyo baridi, salama bila kuchemshwa, na yanayopatikana kila asubuhi.

Maziwa yalivyotengeneza njia

Konfleksi zilipata umaarufu kutoka Battle Creek, Michigan, ambako Will Keith Kellogg alianzisha kampuni yake mwaka 1906. Miaka miwili baadaye Chicago ikawa jiji kubwa la kwanza la Marekani kulazimisha maziwa yatiwe joto la kuua vijidudu kabla ya kuuzwa. Chupa za maziwa zilifika mlangoni, na makabati ya barafu yalikuwa yakienea majumbani. Chakula kile kilikua pamoja na mfumo mzima wa kulinda maziwa, na mfumo huo haukupakiwa kwenye boksi lilipovuka bahari. Katika nyumba nyingi za India maziwa huchemshwa kwanza, tena hunywewa ya moto. Konfleksi zikimwagiwa maziwa hayo hulegea kabla kijiko hakijarudi mara ya pili. Mama aliyefanya hivyo hakukosea maelekezo ya boksi. Alifuata kanuni ya afya inayoilinda familia yake.

Je, si bei tu?

Pingamizi la kwanza lina uzito. Konfleksi za Kellogg ziliuzwa kwa bei iliyozidi ya mshindani wa hapohapo, Mohun's. Mtu atasema: punguzeni bei, muone. Lakini Mohun's walikuwepo sokoni kabla ya mgeni huyo, kwa bei nafuu, na bado konfleksi hazikuwa zimeingia katika asubuhi ya nyumba ya kawaida. Bei huamua nani atajaribu. Haiamui nani atarudia. Kwa anayeagiza kutoka nje kuna kikwazo zaidi: konfleksi ni nyepesi na zimejaa hewa, hivyo kontena hujaa mapema kabla ya kukaribia uzito linaoruhusiwa kubeba. Gharama ya meli hugawanywa kwa kilo chache, na nafasi ya kushusha bei inabaki finyu.

Ushahidi wa Nairobi

Ingekuwa tatizo ni ladha ya kigeni peke yake, Weetabix isingefika popote Kenya. Ni chapa ya nafaka ya Uingereza, lakini hutengenezwa Nairobi na imezoeleka kiasi kwamba wazazi wengi huwalisha watoto wanaoanza kula. Tofauti yake na konfleksi ni kwamba kulegea si kasoro kwake. Ukiimwagia maziwa ya moto, hugeuka kitu kinachokaribiana na uji, na uji hauhitaji kutambulishwa kwa yeyote katika ukanda huu. Nyumba isiyo na friji, inayochemsha maziwa ya pakiti au ya mashine ya mtaani, haina cha kubadilisha ili kuila. Bidhaa iliyafuata maziwa yalivyo, na hilo halikuhitaji tangazo la kumfundisha mtu namna mpya ya kuamka.

Kununua kampuni si kuuza chakula

Weetabix hiyohiyo ilipata mwenye hisa nyingi kutoka China mwaka 2012, Bright Food ya Shanghai iliponunua asilimia 60. Matumaini yalikuwa kuifikisha mezani kwa Wachina, wengi wao wakiwa na mazoea ya uji wa mchele, mikate ya mvuke na maziwa ya soya ya moto. Mwaka 2017 kampuni iliuzwa kwa Post Holdings ya Marekani kwa pauni bilioni 1.4. Uingereza ilibaki soko lake kuu muda wote huo. Mwekezaji anaweza kupata faida kwa kuuza kampuni huku kifungua kinywa cha Shanghai kikibaki kilekile.

Lakini friji zitakuja

Pingamizi la pili ni kwamba mazoea hubadilika: miji inakua, muda wa asubuhi unapungua, friji zinaongezeka. Ni kweli, na Kellogg ilibaki India ikapata wateja, hasa kwa Chocos za watoto na pakiti ndogo za bei nafuu. Hata hivyo, tazama kilichopendwa baadaye na watu wazima: oti za masala kama za chapa ya Saffola, zinazopikwa na kuliwa za moto zikiwa na chumvi na viungo. Muda ulipungua kweli, lakini bakuli la moto halikuondoka. Wala friji pekee haimfanyi mtu aamini maziwa mabichi.

Basi anayefikiria kuagiza kontena asitosheke na oda za hoteli na supamaketi za mitaa ya wenye nacho. Huko friji zipo tayari, na mauzo yao hayasemi lolote kuhusu mitaa mingine. Atume watu waangalie jikoni asubuhi: maziwa yanatoka wapi, yanachemshwa lini, yanaliwa na nini. Kama yanaliwa ya moto, aagize kinacholegea vizuri, au asiagize.