Mashua haiendi kwa mabavu: Taita Taveta na mchezo wa makasia

Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028 ina jambo jipya linalotuhusu sisi wa Pwani. Kwa mara ya kwanza katika Olimpiki, mchezo wa makasia utachezwa ufukweni pia. Mshindani anakimbia mchangani, anaingia mashuani, anavuta mita 250 huku akipinda kati ya maboya, anageuza na kurudi, kisha anaruka na kukimbia hadi mwisho. Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar ya mwaka 2026, ya kwanza ya Olimpiki kupangiwa ardhi ya Afrika, nayo imeuweka mchezo huo katika ratiba. Kwa miaka mingi makasia ya mashindano yalitaka maji tulivu yaliyopimwa na kuwekewa mistari ya maboya, mambo ya nchi zenye fedha. Sasa yamekuja kwenye mchanga na wimbi, vitu tulivyo navyo tele.

Likitajwa jambo la maji, macho yote huelekea Mombasa, Lamu, Kilifi na Kwale. Taita Taveta imo katika Jumuiya ya Kaunti za Pwani, lakini hukumbukwa zaidi kwa ndovu wa Tsavo na kwa chemchemi za Mzima ambazo maji yake yananywewa Mombasa. Voi iko kiasi cha kilomita 150 kutoka baharini, na kijana wa Sagalla au Mwatate akisikia habari ya makasia atadhani anasimuliwa mchezo wa watu wengine.

Mimi naona nafasi yake ipo, na sababu iko ndani ya mchezo wenyewe. Kitu cha kwanza anachofundishwa mpiga makasia ni kwenda na wenzake kwa wakati mmoja, na somo hilo linaweza kuanzia nchi kavu. Ila kuna sharti: fedha za umma zisianze kwa kununua mashua.

Kafi na kasia

Tuanze na maneno, maana hapa ndipo wengi huchanganya. Mwenye kafi hutazama aendako, na kafi lake analishika mikononi bila kulifunga popote. Mwenye kasia huipa omo mgongo, na kasia lake limeshikwa ubavuni mwa chombo, kama mabaharia wetu walivyolishika kwa kishwara. Mashindano ya mitumbwi ya koo za Buganda katika Ziwa Victoria ni ya kafi. Olimpiki ina michezo yote miwili, lakini huu tunaouzungumzia ni wa kasia.

Kasia nalo lina namna mbili. Kuna mashua ambazo kila mtu ana makasia mawili mafupi, moja kila mkono. Za ufukweni huko Los Angeles zitakuwa za namna hiyo, za mtu mmoja au za wawili, mwanamume na mwanamke. Na kuna mashua ambazo kila mtu ana kasia moja refu, karibu mita 3.7, analishika kwa mikono yote miwili. Nusu ya watu wanavuta upande wa kulia na nusu upande wa kushoto. Wanaweza kuwa 2, 4 au 8, na wale 8 huwa na mshika usukani ambaye havuti.

Hiyo namna ya pili ndiyo shule kubwa ya umoja. Mwenye makasia mawili akiachwa peke yake atafika. Mwenye kasia moja akiachwa peke yake atazunguka pale pale. Hawezi kwenda popote ila kwa mwenzake wa upande wa pili, na hata huyo mwenzake akiwepo, wasipoingiza makasia majini pamoja, chombo kitapinda na kulala ubavu.

Wakati ndio nguvu

Pigo moja lina sehemu nne: kukamata maji, kuvuta, kutoa kasia, na kurudi mbele kwa pigo jingine. Kiti kinateleza juu ya reli ndogo, kwa hiyo nguvu nyingi hutoka miguuni, kisha mgongoni, na mikono humalizia tu. Anayeanza kwa mikono huchoka mapema na mashua haimsikii.

Mashua ya watu 8 ina urefu wa karibu mita 17, na uzito wa chini unaoruhusiwa katika mashindano ni kilo 96. Wanaume 8 wa mashindano huzidi kilo 700. Maana yake, waliobebwa ni wazito mara saba kuliko kinachowabeba. Kila mwili unapoteleza mbele au nyuma, chombo kinatikisika. Ikiwa miili hiyo haiendi pamoja, nusu ya jasho lao inaliwa na mtikisiko.

Jambo linaloshangaza wageni wa mchezo huu ni kwamba mashua huwa na kasi kubwa zaidi wakati makasia yako nje ya maji. Wapigaji wametoka kuvuta, sasa wanateleza polepole kurudi upande wa tezi, na chombo kinakimbia mbele chini yao. Mwenye pupa akirudi haraka, hukanyaga ubao wa miguu kwa kishindo na kukikatia chombo mwendo wake. Ndiyo sababu makocha huhimiza utulivu wakati wa kurudi kuliko wanavyohimiza nguvu wakati wa kuvuta. Katika mbio za mita 2,000, zinazochukua wanaume 8 walio bora duniani karibu dakika 5 na nusu, mapigo hufika 38 hivi kwa dakika. Kila pigo lina sekunde moja na nusu na ushei. Aliyechelewa robo ya sekunde amechelewa sana.

Nani anayeshika wakati huo? Ni yule aliyeketi kiti cha tezini. Wote wanaona mgongo wake au mgongo wa aliye mbele yao, na wanafuata. Wazee wetu walilijua hili bila saa. Upepo ukikatika na tanga likalegea, mabaharia walivuta makasia kwa wimbo, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia. Wimbo ulikuwa unagawa kazi sawa, asitangulie mtu wala asisalie.

Mbali na bahari si hoja

Kwamba Voi iko mbali na bahari ni hoja nyepesi. Mwaka 2012 huko London, Afrika Kusini ilishinda dhahabu ya watu 4 wa uzito mwepesi, kila mtu na kasia lake moja. Sizwe Ndlovu, James Thompson, Matthew Brittain na John Smith walikuwa nyuma sehemu kubwa ya mbio, wakawapita Waingereza katika mita za mwisho kwa robo ya sekunde. Kituo chao cha mazoezi kilikuwa bwawa la Roodeplaat karibu na Pretoria, mamia ya kilomita kutoka pwani.

Mwaka 1948, dhahabu ya mashua ya watu 4 wasio na mshika usukani ilikwenda kwa Waitalia wa klabu ya kiwanda cha pikipiki cha Moto Guzzi, kutoka mji mdogo wa Mandello del Lario kando ya Ziwa Como. Na jirani zetu wa Uganda, nchi isiyo na bahari, wamempeleka Kathleen Noble Olimpiki mara mbili, Tokyo na Paris.

Kenya nayo ina historia yake. Matthew Mwange alivuta peke yake Beijing mwaka 2008. Katika Paralimpiki ya Tokyo, Asiya Mohammed wa Mombasa, mwalimu aliyepoteza miguu yote miwili katika ajali ya treni akiwa mtoto, alishindana katika daraja la wanaotumia mabega na mikono pekee. Kama yeye alipata njia, kijana wa Wundanyi anayepanda na kushuka milima ya Dawida kila siku, mwenye miguu na mapafu, hana haja ya kuambiwa mchezo si wake.

Voi kwanza, maji baadaye

Sasa tuje kwenye vitendo. Mchezo huu una mashine ya nchi kavu yenye kiti kinachoteleza na mkono wa kuvuta, na inampimia mtu kila mita aliyovuta. Dunia nzima huitumia kuchagua wachezaji, na yapo mashindano yake ya dunia yanayopigwa ukumbini. Mashine chache katika shule moja ya Voi au chuoni zinaweza kutuonyesha katika muda mfupi nani ana nguvu. Zikipangwa mstari mmoja, na vijana 4 wakafuata mgongo wa aliye mbele, zitatuonyesha jambo lenye thamani zaidi: nani anaweza kwenda na mwenzake.

Maji yapo pia, lakini tuseme ukweli juu yake. Taveta ina maziwa mawili, yote ya mpakani na Tanzania. Challa ni ziwa la kreta lenye kina cha zaidi ya mita 90, limezungukwa na kuta za mwamba, na njia ya kushukia ni mwinuko mkali usiofaa kubebea mashua ndefu. Lina mamba pia, na mwaka 2002 mgeni kijana aliyekuwa akiogelea aliuawa humo.

Jipe ni pana, kiasi cha kilomita 30 za mraba, lakini ni ziwa la kina kifupi linalougua. Udongo unaoletwa na mto Lumi umelijaza, na mafunjo yamefunika sehemu kubwa hata wavuvi wanahangaika kupata njia za mitumbwi yao. Viboko na mamba wamo. Kenya na Tanzania ziliwekeana makubaliano mwaka 2013 ya kuyatunza pamoja maziwa haya na mto Umba, na mwananchi wa Jipe ana haki ya kuuliza makubaliano yale yamemfikishia nini. Yeyote atakayesema Jipe isafishwe kwa ajili ya mbio za mashua atakuwa amegeuza mambo. Isafishwe kwa ajili ya mvuvi na samaki kwanza. Maji yakifunguka, mchezo utafuata.

Kwa sasa njia nyepesi ni reli. Treni ya kaunti kwa kaunti husimama Voi kisha huteremka Mombasa. Vijana wajifunze mwendo Voi siku za wiki, na mwisho wa wiki au wakati wa likizo washuke kwenye maji yaliyotulia ya Tudor, Mtwapa au Kilifi, wakivuta pamoja na wenzao wa huko chini ya kocha mmoja. Hapo ndipo Jumuiya ya Kaunti za Pwani ina kazi ya kufanya. Kaunti 6 haziwezi kila moja kununua mashua yake, kutafuta kocha wake na kuanzisha timu yake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Pesa zianzie wapi

Kuna watakaosema kaunti yenye kiu ya maji na mashamba yanayovamiwa na ndovu haina nafasi ya michezo ya anasa. Hoja yao ni nzito, na sitaidharau. Maji ya kunywa na fidia ya mkulima vitangulie. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi kaunti michezo na viwanja vyake, na bajeti ya michezo hupitishwa kila mwaka. Swali ni itumike vipi.

Tabia yetu inajulikana. Kitu kinachonunuliwa kwanza ni kile kinachopigwa picha siku ya uzinduzi. Mashua mpya ya watu 8 inagharimu mamilioni ya shilingi. Ikifika bila kocha, bila banda la kuiweka na bila watu 8 waliozoeana, jua litaikausha na miaka miwili baadaye itakuwa nyumba ya kuku. Kwa hiyo wawakilishi wadi wakiletewa pendekezo la namna hii, waulize kwa mpangilio: kocha ni nani na amelipiwa miezi mingapi? Vijana wangapi wamekaa pamoja kwenye mashine kwa muhula mzima bila kuacha? Jaketi za kuelea na mwogeleaji wa kuokoa wako wapi? Kila kijana anaweza kuogelea? Mashua iwe swali la mwisho, na ya kwanza iwe pana, imara, hata kama ni kuukuu.

Mwaka 2028 uko karibu, na sidhani timu ya kasia moja itatoka kwetu kufikia hapo. Lakini mtoto aliye darasa la saba leo Voi atakuwa na umri wa mashindano katika Olimpiki ya 2032. Muda huo unatosha, kama kocha atapatikana kabla ya mashua.