Nanga ya Jirani

Mwalimu wetu mmoja, aliyepata kusafiri kwa mashua ya tanga huko Ugiriki, alitusimulia habari za kisiwa cha Hydra. Bandari yake ni ndogo, na mizigo ya mji huchukuliwa na punda. Wakati wa kiangazi mashua za starehe hujaa tele. Kila moja hutia nanga mbali kidogo na gati, hurudi kinyumenyume, kisha hufunga tezi gatini kwa kamba mbili. Gati likijaa, wanaochelewa hujipanga mbele ya wale wa kwanza, na minyororo hupandana chini ya maji. Asubuhi wa ndani akitaka kuondoka, huing'oa nanga ya mwenziwe pamoja na yake.

Wenzangu darasani walisema aliyewahi ndiye mwenye haki. Mimi nakataa. Bandari si mali ya aliyewahi. Lakini aliyechelewa naye na aulize kwanza mnyororo wa jirani umelala wapi, wala asiende mjini kula kabla ya kuona nanga yake imeshika. Na ukiinua mnyororo wa mtu, upitishie kamba chini yake, uushikilie, ushushe nanga yako mpaka inasuke, ndipo uuachie taratibu. Kisha umwamshe mwenyewe atazame. Hapo pa kumwamsha ndipo wengi huona haya.

Najua, maana likizo iliyopita, ziwani kwetu, nilifungua kamba ya mtumbwi wa mzee mmoja ili nitoe wetu, nikaifunga tena upesi upesi. Sikumwamsha. Usiku upepo uliutupa mtumbwi juu ya mawe. Baba alilipa mbao. Mzee hajanisemesha hadi leo.