Pizza ya Forodhani na boti ya alasiri

Watoto wawili wa Temeke, mmoja wa miaka 6 na mwingine 11, waliahidiwa kitu kimoja tangu shule zifungwe: baada ya Krismasi watavuka kwenda Unguja, watembee Mji Mkongwe, wale pizza ya Forodhani, warudi siku hiyohiyo. Mama yao alikata tiketi za kwenda asubuhi na kurudi alasiri. Kitu ambacho hakuuliza ni saa ngapi Forodhani wanaanza kupika.

Boti ya mwendo kasi huchukua kama saa mbili. Mtoto anayetapika apewe kitu chepesi asubuhi, si chapati na maharage, na mzazi asisahau vitambulisho. Kofia na maji pia, maana jua la Desemba Unguja halina huruma. Anayetegemea kukuta mji umepambwa kwa taa za Krismasi atakata tamaa. Sikukuu inayojaza watoto barabarani na viwanjani kule ni Idd, pale Mnazi Mmoja na Kariakoo.

Lakini Krismasi ina historia yake Unguja, na mama huyo aliwapeleka watoto kuiona. Kutoka bandarini walitembea hadi Mkunazini, karibu na soko la Darajani. Hapo palikuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo liliwekwa jiwe la msingi la Kanisa la Anglikana, na ibada ya kwanza ikafanyika Krismasi ya 1877. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi, ndiye pia aliyetafsiri sehemu kubwa ya Biblia kwa Kiswahili cha Unguja.

Nje ya kanisa kuna shimo, na ndani yake sanamu za watu watano wenye minyororo shingoni. Yule mdogo alizitazama kwa muda.

"Mama, hawa wamekosa nini?"

"Hawakukosa kitu, mwanangu. Waliuzwa."

"Nani aliwauza?"

"Watu."

Wazazi wengi hapo humvuta mtoto mkono, au huanza mhadhara unaoanzia bara hadi Arabuni. Kwa mtoto wa miaka 6, jibu la mama yule lilitosha. Ni kweli, na linamwachia nafasi ya kuuliza tena akiwa tayari. Yule wa miaka 11 alihitaji zaidi, akapewa zaidi, wakiwa wamekaa kivulini na chupa ya maji.

Saa 8 mchana wakafika Forodhani. Upande mmoja Ngome Kongwe, jirani yake Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Krismasi ya 2020 na kuua watu wawili. Mbele, bahari. Katikati, bustani tupu. Hakuna meza, hakuna moto, hakuna pizza.

"Bado, mama," alisema mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi. "Hapa wanaanza kupanga jioni. Moto unakolea baada ya magharibi."

Boti ilikuwa saa 10.

Yule mdogo hakulia, na pengine angelia ingekuwa rahisi zaidi. Alisema tu, "Lakini uliahidi."

Mama angeweza kuwapeleka bandarini, na hakuna ambaye angemlaumu. Tiketi tatu si hela ndogo kwa mtu anayeuza vitenge. Akapiga simu Michenzani kwa wifi yake. Akajibiwa: "Waache hao watoto wale, wifi. Godoro lipo." Tiketi za kurudi zikapotea.

Saa 12 na nusu jua likazama. Vijana wa mji walikuwa wakijirusha baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine, na taa zikawashwa juu ya meza za mishkaki na pweza. Hapo mzazi aulize bei kabla hajanyoosha kidole, na nyama iliyokaa mezani muda mrefu asiipokee hata ikirudishwa motoni. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi inatosha glasi moja kwa watoto wawili. Pizza yenyewe ni unga uliotandazwa mwembamba, ukawekwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, ukakunjwa na kukaangwa kwenye sahani bapa ya chuma. Watoto walisimama kuangalia mikono ya mpishi hadi zamu yao ikafika.

Mama alikuwa akipuliza kipande kipoe pale yule mdogo alipouliza, "Wale wa shimoni walikuwa wanapewa chakula?"

"Kidogo," mama akasema.

Mtoto akatafuna kwanza. Kisha akataka kujua kama walikuwepo watoto. Mama akasema ndiyo, walikuwepo, akamsogeza karibu, na wakakaa hivyo mpaka shangazi alipokuja kuwachukua.