Acheni Kuuliza Yupi Mkali

Mwanamume mmoja aliingia kwenye kituo cha mbwa waliookolewa Jumamosi asubuhi akiwa na mwanawe wa miaka kama minane. Alipita mbele ya mabanda akigonga nyaya kwa ufunguo wa gari, na kila mbwa aliyeruka na kubweka alimkagua kama mtu anayechagua fahali mnadani. Kwenye banda la mwisho hakuna aliyeruka. Mbwa jike wa rangi ya kahawia alikuwa amejikunja kwenye kona, uso ukutani, mwili wote ukitetemeka.

"Huyu anaumwa?" aliuliza.

"Hapana, baba. Ni mwoga tu. Anahitaji mtu wa kumpa muda," mhudumu alimjibu.

"Mwoga atanilindia nini? Dada, nionyeshe aliye mkali."

Swali hilo nimelisikia mara nyingi mno, na sitalinyamazia tena. Linatokana na imani iliyoota mizizi mjini na kijijini: kwamba kazi ya mbwa ni ukali, kwamba mbwa anayeogopa watu ameharibika, na kwamba anayemchukua anajitwika tumbo la kulisha bila faida. Kwa imani hiyo mbwa waoga waliookolewa barabarani na majalalani hubaki kituoni mwezi baada ya mwezi, huku wenzao wakipata kwao. Imani hiyo ni potofu, na madhara yake hayaishii kwa mbwa.

Tuutazame huo ukali wenyewe. Mbwa anayemhofu mtu huanza kwa kuomba nafasi. Hugeuza uso, hulamba midomo ilhali hakuna chakula, hupiga miayo bila usingizi, hufyata mkia. Asiposikilizwa, huondoka. Akikosa pa kuondokea, huunguruma, na mwisho huuma. Sasa mfunge mbwa huyo kwa mnyororo wa mita mbili chini ya mti. Mfungie kwenye banda lenye giza tangu alfajiri hadi jioni. Mchape asizoee wageni. Mchanganyie pilipili au bangi kwenye chakula, kama wafanyavyo wengine wakidhani wanamnoa. Umemnyima njia ya kukimbia, ukamwachia meno peke yake. Mbwa wengi tunaowatundikia bango la "Mbwa Kali" getini ni waoga hao hao tunaowacheka kituoni, ila hawana pa kwenda.

Na meno yaliyonolewa kwa hofu hayamsubiri mwizi. Humpata mtoto aliyefuata mpira, msichana wa kazi aliyepeleka sahani, jirani aliyekuja kuomba chumvi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Wataalamu wanakubaliana kwamba ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mwaka baada ya mwaka, ugonjwa hukatika, na Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030. Lakini chanjo ni sindano, na sindano inahitaji mbwa anayeshikika. Yule tuliyemfundisha kumshambulia kila anayemkaribia hubaki nyuma ya geti siku ya chanjo. Tunajenga ukali kwa jina la usalama, kisha ukali huo unatufungia mlango wa usalama mkubwa zaidi.

Wanaomdharau mwoga hudhani amezaliwa na moyo mbovu. Ni kweli kwamba wapo mbwa wanaorithi wasiwasi, lakini kwa wengi hofu ina historia. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi baada ya kuzaliwa, mtoto wa mbwa hujifunza ni viumbe gani wa kuaminiwa. Mwaka 1961, watafiti Freedman, King na Elliot walichapisha matokeo ya jaribio lao la Marekani: watoto wa mbwa walilelewa na mama zao ndani ya uwanja uliozungushiwa uzio, bila kuguswa na mtu. Waliotolewa kwa wiki moja tu ya kuchezewa na binadamu, wakiwa na umri wa wiki saba hivi, walizoea watu. Ambao hawakuguswa hadi wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini. Hawakupigwa wala kunyimwa chakula. Mtu ndiye waliyemkosa.

Sasa mfikirie mtoto wa mbwa aliyezaliwa nyuma ya kibanda cha mboga au kwenye mtaro. Miezi yake ya kwanza, mkono wa binadamu ameujua kwa mawe na maji ya moto. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kwa nini tumtake mbwa huyu aukimbilie mkono ule ule akitingisha mkia? Kumwita mbovu ni kumhukumu kwa kosa letu. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Zote zinakataza kumtesa mnyama. Ila hakuna sheria inayoweza kumlazimisha mtu kumpa nafasi mnyama aliyekwisha kuteswa. Hilo linabaki kwetu.

Nitajibiwa kwamba wezi wapo, na mimi sikai kwenye mnara. Najua wapo. Lakini kazi ya mbwa wa nyumbani ni kukuamsha. Kupigana si kazi yake. Mwizi huchukia kelele na taa inayowashwa ghafla. Mbwa mwenye wasiwasi husikia hatua ya mgeni kabla yako, na wengi wao, wakishaijua nyumba kuwa yao, hubweka. Si wote, na sitamdanganya mtu kwamba ni wote. Anayehitaji mlinzi wa ghala aajiri mlinzi, afunge kufuli nzuri na kuweka taa. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nyumba yenye watoto ingefaa kuyatafakari maneno hayo kabla ya kuleta shujaa.

Lipo kosa la upande wa pili, na hufanywa na watu wema: kudhani kwamba huruma inatosha. Humchukua mwoga, humkumbatia njiani kote, humwogesha jioni ile ile na kuwaita majirani waje kumwona. Usiku mbwa huruka ukuta, asionekane tena. Mwoga hahitaji kukumbatiwa. Mpe kona yenye ukuta nyuma na njia ya kutokea. Mtu yule yule amlishe kwa saa zile zile. Keti chini ukimgeuzia ubavu, usimkazie macho, mrushie kipande cha matumbo mbali kidogo nawe, kisha uendelee na mambo yako. Aje mwenyewe. Geti lifungwe, na akitoka avae kamba mbili, moja shingoni na moja kifuani. Watoto wafundishwe kwamba aliye konani haguswi. Kama nyumba ina mbwa mwingine mtulivu, huyo atamfundisha mengi kuliko wewe. Waliofanya kazi hii muda mrefu huhesabu siku tatu za kupoa, wiki tatu za kuzoea, miezi mitatu ya kujihisi yuko kwao. Wengine huchukua mwaka. Wengine hawatampokea mgeni kwa furaha hata siku moja, na bado watakuwa mbwa wema.

Kwa hiyo swali la kuuliza kituoni ni hili: nyumba yangu inamfaa nani? Ploti yenye familia kumi na mbili na geti lisilofungwa haimfai mwoga hata kidogo. Mwalimu mstaafu mwenye kiwanja kidogo na siku zisizo na purukushani anamfaa kuliko tajiri mwenye karamu kila wikendi. Na vituo navyo vimweleze mtu ukweli, bila kuificha hofu ya mbwa ili tu banda libaki wazi. Mbwa anayerudishwa mara mbili hujifunza kwamba alikuwa na haki ya kuogopa.

Yule jike wa kahawia nilimchukua mimi, nikampa jina la Tulia. Siku kumi na moja alikula usiku tu, sote tukiwa tumelala. Katika mwezi wake wa tatu nyumbani alianza kunifuata hadi bombani. Septemba ilipokuja chanjo ya bure kwenye uwanja wa shule ya msingi, tulipanga foleni pamoja na watoto walioshika kamba za katani. Alitetemeka mwanzo hadi mwisho. Daktari wa mifugo alipochoma sindano, Tulia alikisukuma kichwa chake kwapani mwangu, akatulia.

Nyuma yetu alisimama jirani yangu, mikono mitupu. Alikuja kumwuliza daktari kama angeweza kumfuata mbwa wake nyumbani, kwa sababu hata yeye mwenyewe hathubutu kumshika. Daktari alimwangalia, akaitazama foleni iliyokuwa bado inafika getini, akatikisa kichwa.