Daftari la Wiki: Amepotea Punda wa Kijivu

Tangazo lililosomwa Matondoni baada ya swala ya Alasiri: amepotea punda jike, rangi ya kijivu, tumbo jeupe, ana mstari mweusi mgongoni na mwingine unaoukata huo mabegani. Atakayemwona amjulishe mwenyewe.

Nilitoka barazani nikamwona papo hapo. Nikamwona tena kisimani. Kufikia Magharibi kijiji kizima kilikuwa kimeshamwona, kila mtu mahali pake. Kisiwa cha Lamu husemekana kina punda wapatao 3,000, na walio wengi wamevaa mistari hiyo hiyo tangu tumboni mwa mama zao. Laiti mwenyewe angetaja sikio lililochanika, au kovu, au tabia ya kuuma watoto wa madrasa, punda angekuwa zizini kabla ya Isha.

*

Mwanasiasa amesema tena redioni kwamba punda amechoka. Hakutaja ni punda yupi, wala ni lini aliketi naye.

*

Pikipiki imezama mchangani kwenye njia ya kwenda mjini, na aliyeivuta ni punda. Wazee wa barazani wanaishi na habari hiyo wiki nzima. Kila anayepita anasimuliwa upya, na kila ikisimuliwa mchanga unazidi kina na punda anapungua umri.

Mimi si adui wa bodaboda. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku hawezi kuambiwa asubiri punda atandikwe. Lakini kule mjini ni hadithi nyingine. Mji wa Kale uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, na vichochoro vyake ni vile ambavyo punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hulazimika kurudi nyuma. Marufuku ya pikipiki mjini mnaijua, mabishano mnayajua, na honi mnazisikia. Nitaongeza jambo moja tu ambalo sijalisikia kwenye mikutano: punda akikutana na mtoto njiani husimama mwenyewe. Pikipiki husimama iwapo aliyeipanda ana akili, na hilo halimo kwenye leseni.

*

Bandari mpya kule Kililana, iliyoanza kupokea meli Mei 2021, ina kreni za kunyanyulia makontena. Saruji ya jirani yangu imefika kwake kwa usafiri ule ule uliomletea babu yake chokaa.

*

Mgeni amepita kijijini akiulizia bei ya punda wazee. Hakutaka wa kazi. Alitaka wazee, wagonjwa, hata yule anayechechemea. Alijibiwa kwa adabu kwamba hakuna anayeuza, akapewa chai, akaonyeshwa njia ya kurudi. Huenda ni mtu mwema tu mwenye huruma na wazee wa kila jamii. Lakini katika nchi hii, anayemtaka punda asiyeweza kubeba hata debe la maji anatafuta ngozi.

Kwa waliosahau: ngozi ya punda huchemshwa mpaka itoe ulimbo, na ulimbo huo ndio dawa ya Kichina iitwayo ejiao. Imetumika huko tangu zamani sana, na zamani hiyo haikutugusa, kwa kuwa punda walikuwa wa kwao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 China ilikuwa na punda kama milioni 11. Wakashuka hadi chini ya milioni 3. Matrekta yalianza kuwapunguza, wanywaji wa ejiao wakaendeleza, kisha wanunuzi wakageuza macho Afrika. Shirika la Donkey Sanctuary linakadiria kwamba biashara hii humaliza punda karibu milioni 6 kila mwaka duniani.

Sisi Kenya tuliwafungulia mlango wote. Kuanzia 2016 tulitoa leseni kwa machinjio manne: Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana. Sensa ya 2009 ilikuwa imehesabu punda milioni 1.8 nchini. Ile ya 2019 ilikuta kama milioni 1.2.

Watetezi wa biashara ile wana swali lao, na ni swali la haki: kwani ng'ombe hachinjwi? Mbuzi je? Linastahili kujibiwa kwa hesabu, machozi tuyaweke kando. Punda jike hubeba mimba mwaka mzima, wakati mwingine zaidi. Huzaa mtoto mmoja. Mtoto huyo hapaswi kutwikwa mzigo mpaka atimize miaka 3 au 4. Katika muda huo mbuzi ameshakuwa bibi. Hakuna mfugaji awezaye kuzalisha punda kwa kasi ya machinjio manne, na machinjio yalipokosa wa kununua, wezi walijaza pengo. Watu wa Naivasha na Kajiado waliamka wakakuta kichwa na miguu vichakani, ngozi imekwenda. Ng'ombe ukimchinja umepata ulichomfugia. Punda ukimchinja umemfuta mtu kazi: mama anayeuza maji kwa mtungi amebaki na mgongo wake mwenyewe, na binti yake anatolewa shuleni amsaidie.

Februari 2020 Waziri Peter Munya akapiga marufuku. Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitangua, baada ya mwenye machinjio kwenda kortini. Desemba 2022 wakubwa wakakutana Dar es Salaam kuzungumzia punda wa bara zima, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, wakakubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Nilifurahi, na furaha hiyo siirudishi. Ila nilipiga hesabu. Miaka 15 kwa mwanasiasa ni mihula mitatu. Kwa punda anayelishwa vizuri na asiyepigwa ni nusu ya umri wake. Mwanapunda aliyezaliwa mwaka ule wa makubaliano, mwaka 2039 atakuwa bado anabeba mchanga, na mgeni wetu atakuwa amerudi, au amemtuma mwanawe.

Kuna wanaosema Lamu tulinusurika kwa sababu tunampenda punda. Naomba ruhusa ya kucheka. Nimeona migongo ya hao tunaowapenda. Kilichotusaidia ni bahari. Mwizi wa Naivasha alihitaji giza na kisu. Mwizi wa Matondoni anahitaji chombo, maji yaliyojaa, nahodha asiye na maswali, na punda anayekubali kuingia mashuani kimya kimya, na huyo bado hajazaliwa. Hata akimchuna huku huku, ngozi mbichi haikai mashuani na abiria bila watu kuziba pua na kuanza kuulizana.

Sasa nirudi kwa wazee wangu wa pikipiki. Shangilieni, mna haki. Lakini jueni kwamba punda hatalindwa na Addis Ababa peke yake. Analindwa na kazi. Maadamu mtu analipa ili mawe ya Manda yapandishwe kutoka ufukweni hadi mtaani, punda aliye hai ana thamani kuliko ngozi yake. Siku mzigo huo utakapohamia kwingine, mwenye punda atabaki na mnyama anayekula bila kuingiza kitu, na yule mgeni hatahitaji kuuliza bei. Ataitajiwa kabla ya kunywa chai.

*

Bi mmoja mtu mzima, akiwa anarudi kutoka mjini na bahasha ya dawa mkononi: "Mwanangu, punda wangu hutibiwa bure, na mimi nadaiwa mpaka pesa ya kadi. Nani hapa ndiye punda?"

Zahanati ya punda ilifunguliwa Lamu mwaka 1987, na Donkey Sanctuary hao hao wa Uingereza. Swali la Bi nimelipeleka kwa watu wenye elimu kuliko yangu. Wote waliangalia saa.

*

Nimeshasema na nitasema mpaka mhariri anichoke: rudisheni shogi.

Shogi la miyaa lilikaa begabega juu ya punda, mfuko huku na mfuko kule, mzigo ukagawanyika na uti wa mgongo ukapumua. Siku hizi ni viroba vya plastiki viwili vilivyofungwa kwa kamba ya nailoni, chini yake kipande cha gunia kama tandiko, na wakati mwingine hakuna hata gunia. Kamba inakula manyoya, halafu ngozi, halafu nzi wanapata makao. Kisha kijana anashangaa kwa nini punda wake anakataa kusimama atwikwe. Wewe ungesimama?

Na haya yanatokea wapi? Matondoni, kijiji kinachojulikana kwa majahazi na kwa ususi wa mikeka! Mikono inayoweza kusuka shogi iko nyumba ya tatu kutoka kwangu. Ila anayelipa vizuri hataki shogi la punda. Wiki hii, kwenye duka moja la wageni mjini, nimeona mkoba wa miyaa uliosukwa kwa umbo la shogi, mdogo, na ukindu umetiwa rangi. Muuzaji akanieleza kwa fahari kwamba wanunuzi huutundika ukutani.

*

Mazoezi ya mbio yameanza, nami nimepona hasira.

Jioni vijana wanashuka na punda wao mahali mchanga ulipo mgumu, bila tandiko, wamekaa nyuma kabisa karibu na mkia. Huko ndiko anakokaa anayejua. Anayekaa katikati ni mgeni, au ametoka Nairobi kwa likizo. Ushindi hauko kwenye mbio, uko kwenye kuendelea. Punda anayeongoza anaweza kusimama ghafla kwa sababu ameona kitu, au kwa sababu hakuona kitu, na hapo hata fimbo haina hoja. Nimeshuhudia punda wa mwisho akishinda mbio kwa sababu ndiye pekee aliyefika.

Wakati wa Maulidi, mji unapojaa wageni waliokuja kuzuru Msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh, mbio hizi hukimbizwa mjini, pwani ya forodhani, watu wamejipanga mpaka juu ya mapaa. Halikadhalika kwenye Tamasha la Utamaduni. Kijana anayeitwa hamali mwaka mzima anabebwa mabegani mwa watu. Waandalizi wanikubalie ombi moja tu: kabla ya kupewa nambari, kila punda akaguliwe mgongo, na mwenye kidonda asishiriki. Tutaona vidonda vitakavyopona kwa haraka.

Wa kijiji chetu mwaka huu ni tishio. Jina lake silitaji, wapinzani wanasoma.

*

Kijana mmoja anayetembeza watalii huwaambia kwamba punda waliletwa Afrika Mashariki na Waarabu. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa jeni za punda wa pembe nyingi za dunia, na wataalamu wakafikia kwamba wote wanatokana na ufugaji uliofanyika mara moja tu, hapa hapa mashariki ya Afrika, miaka kama 7,000 iliyopita. Basi hata kama wapo waliokuja na jahazi, walikuwa wanarudi kwao.

*

Jumanne alikufa punda wa msombaji mchanga wa upande wa pili wa kijiji. Tumbo lilikuwa limemvimba, akawa anajilaza na kuinuka, anajitazama ubavu. Alipopasuliwa, ndani mlikuwa na fundo la nailoni na kamba, limekazana hata huwezi kujua kipi kilianza. Usiku tunawaachia wajitafutie, nao hujitafutia kwenye takataka zetu, ambako ganda la tikiti na mfuko uliolibeba vyote vina harufu moja.

Mwenyewe ni mtu wa maneno machache. Alisema, "Alikuwa akiijua ndia ya nyumbani kuliko mimi," kisha akaenda kuazima jembe.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza tarehe 28 Agosti 2017.

*

Mwalimu wa shule ya msingi aliwapa watoto insha juu ya mnyama wa porini. Nusu ya darasa waliandika juu ya punda wa jirani.

*

Mgeni aliyelala nyumba moja ya kulala wageni amelalamika kwa maandishi kwamba punda hulia saa tisa usiku, tena kwa kujibizana, na akaomba wadhibitiwe. Mwenye nyumba amemjibu kwa barua nzuri, yenye tarehe na sahihi, kwamba malalamiko yamepokelewa na yatafikishwa kwa wahusika, ambao wamezoea kujibu wakati huo huo wa saa tisa.